Kikombe Kisichoambiwa Asante

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Ziwani, kusahau kusema asante lilikuwa kosa la kupigwa kofi. Mama alikuwa Mkamba wa kanisa, mkali wa adabu kuliko mwalimu mkuu. Ukipewa maji, asante. Ukipishwa mlangoni, asante. Kwa hiyo msinicheke nikiwaambia kwamba jioni moja nilisimama mlangoni kumzuia huyo huyo mama asiende kusema neno hilo.

Alikuwa mgonjwa. Mafua yalimwanza kama yalivyowaanza watu wote baridi ile ya Julai, halafu yakamshuka kifuani. Akikohoa, kitanda kinalia. Baba alikuwa dereva wa lori na alikuwa safarini Mombasa, tukabaki wawili tu chumbani. Kisha sauti ya Mama ikapotea. Nyinyi hamkumjua mama yangu. Nyumba ile bila sauti yake ilinitisha kuliko kikohozi chenyewe. Niliamini kabisa kwamba anakufa, na sikuwa na wa kumwambia.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Bi. Zena, mjane wa Kiislamu aliyetoka Malindi, akikaanga mahamri ya kuuza. Shida ni kwamba yeye na Mama walikuwa wamenuniana. Mama alianika blanketi lililolowa kwenye kamba, maji yakatiririkia karai la unga wa Bi. Zena, na yakatoka maneno ambayo sitayaandika hapa. Tangu siku hiyo wakikutana mferejini, kila mmoja anaangalia ndoo yake.

Lakini ukuta ule ulikuwa mwembamba, na kikohozi hakina uhasama na mtu. Jioni hiyo nikasikia kinu upande wa pili, kisha harufu ikaingia: tangawizi, karafuu, mdalasini, pilipili manga.

"Mwende! Njoo, mwanangu."

Nikaenda. Sufuria ilikuwa inatokota kwenye jiko la makaa. Bi. Zena akachuja dawa kwenye kikombe cha bati, akakamua ndimu, akatia asali, akanipa.

"Mpe mamako anywe ingali moto, kisha ajifunike gubigubi."

"Asante, Bi. Zena," nikasema, na goti nikapiga kidogo, kama nilivyofundishwa.

Lo! Alininyang'anya kikombe, akatoka nje, akamwaga yote mtaroni. Nikabaki nimeduwaa, machozi yananilengalenga. Nilidhani bado ana hasira za blanketi.

"Usilie," akasema, na tayari alikuwa ameinama anamenya tangawizi nyingine. "Dawa haiambiwi asante. Ukiishukuru inaona imeshamaliza kazi, inakwenda zake, mgonjwa anabaki na ugonjwa wake. Ndivyo tulivyolelewa sisi."

Akatwanga upya, akachemsha upya, na tangawizi ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kapuni. Aliponipa kikombe mara ya pili nilibana mdomo mpaka meno yakauma.

Mama akanywa. Akakunja uso kwa ule ukali, jasho likamtoka, akanywa mpaka machicha. Kisha akaninong'oneza, "Umesema asante?"

"Hapana."

"Mwende!"

"Amekataa, Mama. Ile ya kwanza niliishukuru, akaimwaga."

Masikini, nilidhani nimejitetea, kumbe nimechochea moto. Kutendewa wema na mtu mliyenuniana naye ni aibu tosha. Kuonekana huna adabu juu ya hayo, hilo Mama hakuliweza. Akajifunga leso, akaanza kujikokota kuelekea mlangoni. Nikamtangulia mbio, nikatandaza mikono.

"Ukimwambia asante utakufa!" nikapiga kelele. "Mama, tafadhali usiseme! Nichape tu, lakini usiseme!"

Kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega yanatikisika, mpaka kikohozi kikamkalisha kwenye kigoda. Akanivuta, akaniweka kifuani pake palipokuwa pakikoroma. Nikasikia na upande wa pili wa ukuta mtu anacheka.

"Mama Mwende, hebu lala!" Bi. Zena akaita. "Msikilize mtoto!"

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu siku ya blanketi.

Mama alipona. Ilikuwa tangawizi, au jasho, au kule kulala tu, mimi siwezi kuapa. Jumamosi iliyofuata alipika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya Kikamba, akajaza bakuli, akanituma kwa Bi. Zena. "Peleka," akasema, "na usiseme kitu." Bakuli likarudi na mahamri. Likaenda tena.

Nimeliwaza sana jambo hilo nikiwa mtu mzima. Mama angeruhusiwa kusema asante jioni ile, angeisema kwa adabu zake zote, akarudi ndani, akafunga mlango, wakawa wamemalizana. Kwa sababu alikatazwa, ilibidi atafute namna nyingine, na hiyo namna nyingine haikuisha. Tulipomzika Mama kwetu Machakos, Bi. Zena alikuja na buibui lake, akaketi mbele pamoja na ndugu zetu, na hakuna aliyeuliza ni nani.

Mwishomwisho wa maisha ya Bi. Zena nilikuwa nikitoka kwangu Komarock kwenda kumtazama. Siku moja nilimkuta ana mafua, kifua kinakoroma kama cha Mama siku ile, nikaogopa woga ule ule wa utotoni. Nikatafuta kinu mwenyewe. Nikatwanga, nikachemsha, nikakamua ndimu, nikampelekea kitandani. Alikunywa polepole, mpaka machicha. Akanirudishia kikombe, akanitazama usoni.

"Tangawizi umetia kidogo," akasema.

Nikageuka haraka nikaenda kuosha kikombe, asiyaone machozi yangu.

"Kesho nitaongeza, Bi. Zena," nikamwambia.