Macho Chini Mbele ya Afisa

Mtoto huyu anamwogopa baba yake, au amefundishwa adabu tu? Swali hilo limeninyima usingizi. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mgeni kazini hapa Mbeya, na mahakama inasubiri maoni yangu: mtoto wa mtaa wa Soweto hapa mjini akae kwa baba au kwa mama. Nilipomhoji sebuleni, baba yake akiwa pembeni, alitazama sakafu tu. Ghafla nikasikia harufu ya mbao mbichi za miti ya msindano.

Ndiyo harufu ya Nyololo, kijijini kwetu, nilipokuwa darasa la pili, msimu wa baridi na ukungu. Baba alikuwa amehamia Mbeya na alitaka niende kwake. Afisa alipokuja nyumbani nilipiga goti, nikaamkia, nikainamisha macho, maana kwetu mtoto hamkazii mgeni macho wala hajibu kabla ya mkubwa. Mama alinijibia kila kitu, akijivunia mtoto aliyelelewa. Mahakamani afisa akasema, "Mheshimiwa, mtoto anamwogopa mama yake. Napendekeza aende kwa baba." Mkono wa mama ukawa baridi ndani ya wangu. Nilitaka kupiga kelele kwamba si kweli, lakini mtoto haingilii wakubwa, na kadiri nilivyoshika adabu ndivyo nilivyozidi kumthibitishia afisa maneno yake.

Hakimu, mama mmoja aliyevaa sweta zito, akamuuliza afisa, "Ulimwona mara ngapi? Nani alikuwepo?"

"Mara moja, mheshimiwa. Mama yake alikuwepo."

Hakimu akaniita ofisini kwake peke yangu, akageuza kiti chake kikatazama dirisha, akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Kamwene, mwanangu. Mimi naangalia kuku wale. Wewe niambie, ukiumwa tumbo unamwita nani?"

"Mama."

"Akikasirika je?"

"Ananuna. Halafu ananichomea mahindi."

Akacheka, nami nikamwaga yote. Katika uamuzi wake alisema maoni ya mtaalamu ameyapima pamoja na ushahidi mwingine, yanamsaidia, hayamfungi. Nikabaki kwa mama, likizo nikawa naenda kwa baba.

Leo naogopa kuliko siku ile. Wakati ule niliogopa mtu atakayekosea juu yangu. Sasa mtu huyo ni mimi. Na kama mtoto huyu anapigwa kweli? Na kama hakimu wake hatageuza kiti? Asubuhi nilimwomba mkuu wangu muda zaidi. "Wewe nawe unawaza mno," alisema, ila akakubali. Nikaenda shuleni, tukapewa chumba kitupu, mtoto akakaa akitazama sakafu. Nikageuza kiti changu kuelekea dirishani, nikasubiri.