Bata Maji Wawili Juu ya Kitanda cha Saumu

Watu wa mtaa wetu hapa Msambweni wakitaka kunichokoza hawanitukani, wananiuliza tu, "Mwende, bata hawajambo?" na mimi nainamisha kichwa napita, maana aibu yenyewe niliipika kwa mikono yangu miwili, tena huku najisifu. Leo nimeamua niieleze mwenyewe, kwa sababu inavyosimuliwa sasa bata wamekuwa sita na kuna mtu alizimia, na mimi nilikuwapo, bata walikuwa wawili na hakuzimia mtu.

Chanzo kilikuwa kukaa bure. Mkataba wangu katika hoteli moja ya Diani uliisha baada ya Pasaka wageni walipopungua, na hoteli nyingine iliyokuwa imeniahidi kazi ikaniambia nije Julai, kwa hiyo nikawa na miezi mitatu ya kukaa kwa wazazi wangu nikitazama dari. Wiki ya kwanza nililala, ya pili nililala mpaka nikachoka kulala, ya tatu mikono ikaanza kuniwasha. Mimi kazi yangu ni kutandika vitanda. (Shule niliachia kidato cha pili, sifichi, lakini nipe taulo mbili nyeupe na dakika nne, nakuwekea bata maji wawili kitandani, vichwa vimegusana na shingo zimefanya umbo la moyo, na mgeni anatoa simu kupiga picha kabla hajaweka mizigo chini.) Basi nikaanza kuitandika nyumba yetu kama hoteli. Kitambaa cha vyombo kikawa sungura. Baba, ambaye ni mlinzi, akirudi kazini asubuhi anakuta taulo yake imekuwa tembo, na siku moja alisimama mlangoni maji ya kuoga yanapoa akasema, "Mama Mwende, mwambie mwanao amfungue huyu mnyama nikaoge."

Siku nilipoigeuza kanga ya mama ya kwendea kanisani kuwa tausi, mama akaniita. "Mwanangu, nyumba hii ina vitanda viwili na umevitandika mara nne tangu asubuhi. Nenda kwa Mama Saumu ukachoshe watu wengine."

Mama Saumu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Wazazi wangu walitoka Kitui kabla sijazaliwa, sisi ni watu wa kanisa, wao ni Waislamu, Wadigo wa hapa hapa, lakini mimi na binti yao Saumu tumekua pamoja kama mtu na dada yake, na bibi yake, Bi Mwanakombo, mimi pia namwita Bibi. Siku hiyo nilimkuta uani anaanika nguo za sanduku lake la bati.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo huna kazi?"

"Sina, Bibi."

"Basi shika ncha hiyo."

Tukaanika leso za zamani, mabuibui, na chini kabisa ya sanduku vikatoka vipande vitano vya kitambaa cheupe, cheupe kweli, vimekunjwa vizuri na vinanukia dawa fulani kali. Nikavigusa kwa ule ujuzi wangu wa hoteli, nikaona havikupindwa pindo hata upande mmoja, nikajisemea huu lazima ni mtindo wa ng'ambo.

"Na hizi za nini, Bibi?"

"Hizo zangu za safari. Babu yenu aliniletea kutoka Makka, Mungu amrehemu."

"Unasafiri lini?"

"Nangoja kuitwa tu."

Sasa mtaa mzima unajua kwamba mjomba wake Saumu yuko Maskati, na kila mwaka husema atamwita mama yake akamtembelee, kwa hiyo mimi nikamshika Bibi bega kwa huruma nikamwambia, "Utaitwa tu, Bibi, usiwe na wasiwasi." Akanitazama kidogo. "Sina wasiwasi," akasema, akaendelea kuanika.

Mwezi uliofuata ikafika harusi ya Saumu, na hapo ndipo nilipopata kazi ya kuniondolea uchovu wa kukaa. Bwana harusi ni kijana wa Matuga, hana neno, tatizo lilikuwa shangazi yake, Bi Riziki, aliyemlea tangu mdogo na ambaye wazi wazi alikuwa amemchagulia msichana mwingine. Kabla ya nikaha, Bi Riziki na wanawake wa upande wao walikuwa waje kutazama chumba cha bi harusi. Saumu akanishika mikono yote miwili, hina bado mbichi, akanipaka na mimi.

"Mwende, yule shangazi akitoka chumbani ametabasamu, mimi nitaishi kwa raha maisha yangu yote. Nifanyie kama mnavyofanya hotelini."

Nikamwambia aniachie. (Nina ndoto, siku moja nitakuwa na kazi yangu mwenyewe ya kupamba vyumba vya maharusi kuanzia Kwale mpaka Shimoni, na pale niliiona ndoto imefungua mlango inaniita kwa jina.)

Siku yenyewe nikaingia chumbani adhuhuri nikakuta shuka zilizonunuliwa ni za satini, rangi ya damu ya mzee, zinateleza kama samaki. Nilimkunja bata mara tatu, mara tatu akalala kifudifudi kama mlevi. Taulo za mle ndani zilikuwa za rangi rangi, moja ina picha ya gari. Bata maji lazima awe mweupe, huo ndio msingi wa kazi. Nikafikiri, nikakumbuka vile vitambaa vya Bibi. Nikachungulia barazani, Bibi amezungukwa na wageni, anacheka, nikasema nisimsumbue mtu mzima kwa jambo dogo, nitaviazima saa mbili tu na nitavirudisha kabla hajaitwa na mwanawe. Huo ndio uamuzi wenyewe, jamani. Kuuliza kungenichukua nusu dakika.

Nikavitoa vyote vitano. Viwili nikavizungushia taulo ndani ili vipate mwili, wakatoka bata ambao sijapata kuwakunja maishani mwangu, shingo ndefu, kifua kimejaa. Kimoja nikakitandaza juu ya satini, kimoja nikakifanya kipepeo juu ya mto, na cha mwisho nikakifunga tai mbele ya kitanda. Nikamwaga maua ya boganvilia kama tunavyofanya kwa wageni wa fungate. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni kutazama, na machozi yakanilengalenga kwa uzuri.

Wakaja. Vigelegele vikaingia uani, vikaingia ukumbini, vikafika mlango wa chumba, vikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa kusimama meneja anapokagua.

Bi Riziki akanusa. "Hii ni harufu ya kafuri."

"Ndiyo, Shangazi," nikasema. "Ni nguo za kutoka Makka."

Akamshika bata mkia, akaupitisha baina ya vidole. "Havina pindo."

"Ndio mtindo wa kule," nikamwelimisha.

"Ni vya nani?"

"Vya Bibi. Vya safari yake." Na ili asije akafikiri ni kitu cha kubahatisha, nikaongeza, "Viko vitano, nimevitumia vyote."

Bi Riziki akauachia ule mkia polepole, akanitazama kwa sauti ya chini, maana hata macho yake yalikuwa yananong'ona. "Mwanangu, hii ni sanda."

Neno sanda nalijua. Nimekulia hapa, nimeona majirani wakizikwa, najua Mwislamu anavikwa nguo nyeupe isiyoshonwa akapelekwa kaburini. Ila sikujua kwamba mtu mzima anaweza kujiwekea yake mapema sandukuni na kuianika juani pamoja na leso, na kuiita ya safari. Saumu akaweka mkono wenye hina mdomoni. Mama Saumu akashika mlango. Bi Riziki akaupandisha mkoba wake begani, akasema bila kupaza sauti, "Kijana wangu haingii ndoa kupitia sanda. Tunarudi Matuga."

"Ni mimi," nikasema, nikalia palepale mbele ya watu. "Saumu hakujua. Hakuna aliyejua. Nikasirikieni mimi."

Mtu akaenda kumwita Bibi. Akaja na mkongojo wake, watu wakampisha, akasimama mbele ya kitanda akawatazama bata mmoja mmoja.

"Riziki, unakwenda wapi?"

"Bi Mwanakombo, huoni? Huu ni mkosi."

"Mkosi wa nani? Mwenye sanda ni mimi na nimesimama hapa nimevaa dhahabu. Nguo hii mume wangu aliichovya maji ya Zamzam huko huko Makka kwa mkono wake, akaibeba kichwani asikubali kuitia kwenye mizigo. Alinioa nikiwa mdogo kuliko Saumu na mpaka anakufa hajaniinulia sauti. Mjukuu wangu akipata ndoa yenye harufu ya mtu huyo, wewe unataka apate nini zaidi?"

Mkoba wa Bi Riziki ukateremka begani.

Bibi akanigeukia. "Na hawa ni ndege gani?"

"Bata maji, Bibi."

"Mbona wanabusiana?"

Hapo mwanamke mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na chumba chote kikafuata, na Bi Riziki akajiziba uso kwa leso lakini mabega yalimsaliti. Bibi akangoja wanyamaze. "Wafungue. Wote, mbele yetu. Na siku yangu ikifika, Mwende, usije ukanifanya bata."

Nikavifungua kimoja kimoja, nikivikunja kama nilivyovikuta, Bibi akinielekeza na wanawake wa pande zote mbili wakinitazama, na kile cha tatu, kilichokuwa kimetandazwa, kilikuwa na doa. Boganvilia lilikuwa limesagika chini ya mkono wa mtu, likaacha alama ya waridi upana wa kidole gumba. Nikasema nitakifua sasa hivi, nitakifua kwa maji yoyote atakayotaka. Bibi akakichukua, akalipapasa lile doa.

"Liache. Nikiulizwa huko hili ni la nini, nitasema nilikuwa harusini kwa mjukuu wangu."

Nikaha ilisomwa baada ya swala ya alasiri. Kitanda kilibaki na satini yake na asumini tu, na Bi Riziki alitoka ametabasamu, nililiona tabasamu lenyewe kwa macho yangu, Saumu pia aliliona.

Sasa niko kazini tena. Kila nikifungua kabati ya mashuka nanusa kwanza, msimamizi wangu ananishangaa na sijamweleza, na nimeapa sitagusa kitambaa cheupe cha mtu bila kumuuliza mwenyewe kwa maneno kamili ni cha nini, na akiniambia ni cha safari nitamuuliza safari gani, hata akiudhika. Hayo nimejifunza na yamenitosha. Lakini kwa kuwa nimewaahidi ukweli niseme na huu: wale bata, jamani, walikuwa wazuri.