Usiwaombe Wageni Radhi kwa Mpanda

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila ninaposikia kamati ya harusi ikigawa kazi. Na kwa kuwa safari hii ni wewe uliyepewa wageni uwatembeze, nisikilize kabla hujawaandikia ratiba.

Nilikuwa nimerudi Mpanda katikati ya masomo ya uzamili, na moyo wangu ulikuwa umetikisika. Msimamizi wangu alikuwa ameirudisha tasnifu yangu akiuliza, kwa wino mwekundu, ni nani angejali yanayotokea Mpanda. Nililigeuza swali hilo kichwani wiki nzima. Kosa langu ni kwamba mwishowe nilianza kuliuliza mimi mwenyewe.

Dada yangu Fidelia alikuwa anaolewa na Geofrey, mwalimu kutoka Dar es Salaam aliyepangiwa kazi kwetu akapapenda. Fidelia alikuwa na duka la ushonaji mtaa wa Makanyagio, alilolijenga kwa miaka sita, na wote wawili walitaka kubaki. Mama yake Geofrey hakutaka. Kwa kuwa treni ya Mpanda haiji kila siku, mama huyo na ndugu zake walifika siku tatu kabla ya ndoa, nami nikakabidhiwa kuwatembeza.

Ratiba yangu niliipanga kwa dakika, na lengo lake lilikuwa moja: wasiuone mji. Alhamisi niliwapeleka mbugani tangu asubuhi, tukatazama viboko waliobanana kwenye tope la kiangazi. Ni fahari yetu, sikatai. Lakini njia nzima nilikuwa nikisema, "Mtusamehe, huku kwetu ni porini, hakuna cha maana." Tulipokuwa tukirudi nikamsikia mama yule akimwambia nduguye, "Mwenyeji mwenyewe anakiri. Ndoa ikiisha nawahamishia Dar. Hilo duka lifungwe tu."

Nyumbani ua ulikuwa umejaa wanawake. Kwetu mchele wa harusi hauingii jikoni mpaka ndugu na majirani wauchambue pamoja, na Shangazi, aliyeuleta mwenyewe kutoka kijijini Mamba, alikuwa katikati ya mkeka na ungo wake. Kazi hiyo nilikuwa nimewaficha wageni kwa makusudi.

"Wakwe zetu umewapeleka wapi?" akaniuliza.

"Kuona viboko, Shangazi."

"Kwani viboko ndio wanaoolewa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikamweleza niliyoyasikia garini.

"Na wewe umewaomba radhi mara ngapi?"

"Mara saba."

"Hata kuhesabu amehesabu! Jamani, nyie, shule hiyo!" Kisha akaacha kupeta. "Mkataa kwao ni mtumwa, mwanangu. Kesho mlete yule mama hapa. Akitukataa, atukatae yeye. Usimtangulie wewe."

Ijumaa niliichana ratiba. Nilimpitisha mama mkwe sokoni, akaonja asali ya misitu yetu, kisha tukaenda kwa miguu hadi dukani kwa Fidelia. Tulikuta watu wamepanga foleni kuchukua nguo, na bibi mmoja akamwambia bila kuulizwa, "Huyu ndiye aliyemshonea mwanangu sare ya kwanza na gauni la harusi. Nyie mnamchukua mnampeleka wapi?" Tuliporudi nyumbani, mama mkwe alivua viatu, akakaa mkekani.

"Taratibu, mkwe," Shangazi akamtania. "Mpanda hii ina dhahabu, usitupe kila jiwe!"

"Nikiiona naondoka nayo," mama akajibu, na mkeka mzima ukacheka.

Alichagua mchele hadi adhuhuri. Kisha akajikung'uta gauni, akaniambia kwa sauti ya wote kusikia, "Vumbi lenu silipendi."

Radhi ya nane ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza. "Vumbi ni letu, mama, na halihami. Fidelia naye hahami."

Nikapima maneno yangu upya, moja baada ya jingine, nikaona hakuna la kurudisha. Mama akauvuta ungo.

"Jana ungeniambia hivyo," akasema, "nisingepoteza siku nzima nikitazama viboko. Haya, wabaki. Lakini gauni langu la ubatizo wa mjukuu atashona yeye, na nitalifuata hapahapa."

Mwanangu, mgeni huja na macho yake. Usimwazime aibu yako. Mbugani mpeleke, lakini usimfiche mkeka, soko, wala watu, kwa kuwa harusi huunganisha watu. Mpe kazi mkononi, maana mgeni anayetazama tu huondoka akiwa mgeni. Na yeyote atakayekuuliza ni nani anayejali Mpanda, awe mkwe au profesa, mjibu bila kuinamisha kichwa: sisi tunajali, na tunatosha. Tasnifu yangu niliipeleka tena bila kubadili jina la mji.

Nenda ukawapokee. Mungu akupe ua mpana, mkono usiochoka kukaribisha, na shingo isiyopinda unapotaja ulikozaliwa.