Mipira ya Masika Niliyomfungia Yohana

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa spana wala jeki. Alinipa debe la maji. Nyuma ya gereji yetu, pale Changamwe, kulikuwa na marundo mawili, moja la mchanga mweupe kutoka Likoni na jingine la udongo mwekundu kutoka Mazeras. "Mwagia yote mawili," akaniambia. Nikamwagia mpaka yakarowa, huku nikijiuliza moyoni: lo, nimekuja kujifunza magari ama kulima mchicha?

Fundi Mkuu alikuwa Singasinga wa makamo, mtu wa maneno machache. Alileta magurudumu mawili. Moja lilikuwa na mpira mpya wenye meno marefu. Siku hizo tairi tukiliita mpira, na ile michoro iliyochimbwa juu yake tukiiita meno. La pili mpira wake ulikuwa kipara, umelika hata umekuwa laini. Akanitaka niyasukume juu ya kila rundo. Kwenye udongo kile kipara kiliteleza kama mguu kwenye sakafu yenye sabuni, na ule wa meno ukauma, ukapanda. Kwenye mchanga mambo yakageuka. Mchanga ukirowa hushikana juu kama ukoko wa wali, lakini chini yake bado ni laini. Meno yaliuchana ule ukoko yakajichimbia, na kile kipara kikapita juu kwa raha zake.

"Umeona?" akaniuliza.

"Naam, Fundi."

"Basi kazi ni hiyo. Kabla ya kumuuliza dereva ataka mpira gani, muulize aenda wapi."

Nyinyi vijana wa leo mwaingia dukani, mwataja namba, mwafungiwa, mwatoka. Sisi mpira tukiushika kama mkunga anavyomshika mtoto. Kwanza watia mkono ndani, wapapasa ubavu polepole, wasikiliza vidole kama kuna nyuzi zilizokatika. Ukigusa nyuzi, mpira huo hata uwe mzuri namna gani usoni, weka kando. Kisha wakandamiza ukucha juu ya raba. Raba iliyokauka kwa jua haikubali ukucha, na hiyo ikikutana na maji barabarani haishiki kitu. Halafu wapanga jozi za nyuma, maana lori lina mipira minne nyuma, miwili kila upande, na ikiwa mmoja ni mrefu kuliko mwenzake basi huo mmoja ndio utakaobeba mzigo wote mpaka upasuke. Mwisho ni upepo. Kwenye mchanga waupunguza mpira ukae mpana. Kwenye udongo waujaza usimame mwembamba, ukate tope ufike chini kwenye ardhi ngumu. Haya yote nilijifunza kwa miaka miwili, nikipigiwa kelele kila siku, na sijutii hata kelele moja.

Mwaka wangu wa tatu ulikuwa mwaka wa vita, na raba yote njema ilikuwa ikienda jeshini. Masika yalipokaribia tulipata seti moja tu ya mipira mipya, mipira sita, ya kutosha lori moja. Fundi Mkuu alinikabidhi kazi ya kugawa. "Mwaka huu gawa wewe," akasema. "Mimi nitatazama tu."

Malori yaliyogombea mipira ile yalikuwa mawili. La kwanza likiendeshwa na Mzee Mbwana, dereva mkubwa kupita wote pale. Yeye akivuka Makupa, akipita kisiwani na kuvuka tena kwenda Kisauni, kisha akizunguka njia za mchanga za Junda kukusanya nazi na makuti. La pili likiendeshwa na Yohana, kijana wa Rabai, rika langu, mcheshi, mwimbaji wa kanisani. Yohana akipeleka unga Mariakani, na mwaka huo huko bara watu walikuwa na njaa ya kweli. Njia yake ilipita Magongo na Miritini, kisha ikapanda mlima wa Mazeras, udongo mtupu. Mvua ikinyesha, mlima ule ulikuwa si mchezo.

Kwa desturi ya gereji mkubwa ndiye apataye kwanza. Kwa kufuata njia ya kila lori, mipira mipya ilikuwa ya Yohana bila ubishi, na Mzee Mbwana alistahili vipara vizima tulivyokuwa navyo, visivyo na uzi hata mmoja uliokatika. Jambo lingekuwa jepesi kama si Mwanahamisi. Mwanahamisi alikuwa binti yake Mzee Mbwana, na barua yangu ya posa ilikuwa imeshapelekwa na ami yangu wiki mbili nyuma. Tulikuwa tukingoja jibu. Nilimpenda msichana yule kupita kiasi, hata chakula kilikuwa hakinipiti.

Nikagawa kwa njia. Na huko kugawa nilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa namna ya kugawa. Nilisimama juu ya kreti asubuhi, karatasi mkononi, madereva wote wamekusanyika wakinywa chai, nikasoma kwa sauti kama karani wa korti: "Yohana, mipya sita. Mzee Mbwana, vipara sita." Mtu mmoja nyuma akacheka. Mzee Mbwana aliweka kikombe chake chini, akanitazama, akaondoka.

Siku ya pili yake ami yangu alikuja nyumbani na barua yangu mkononi, haijafunguliwa.

"Imerudi," akasema. "Mzee asema mtu aliyemvunjia heshima mbele ya watu hawezi kumwita mwanawe."

Mama alijifunga leso kiunoni akaanza kulia. "Omari mwanangu, si raba tu hizo? Mbadilishie! Utakosa mke kwa ajili ya raba?"

Wallahi, nilipigana na nafsi yangu siku nzima. Jioni, madereva walipokwisha kwenda zao, nilirudi gereji na jeki. Nikaitoa mipira ya meno kwenye lori la Yohana nikaifunga kwenye lori la Mzee, na vile vipara nikamfungia Yohana. Kisha, Mungu anisamehe, nikavipaka tope ili asitambue. Nilijiambia huenda mvua isinyeshe.

Ilianza kunyesha alfajiri. Nilipofika kazini Yohana alikuwa ameshaondoka. Mzee Mbwana alikuwa amesimama mbele ya lori lake, koti la mvua begani, ametazama mipira.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hii n'nini?"

"Nimekubadilishia, Mzee. Nimeona wewe ndiwe mkubwa."

"Wataka nizame Junda?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Mimi nimeendesha mchangani tangu wewe hujazaliwa. Hujui kwamba najua mchanga wataka kipara? Ningekwambia mwenyewe unipe! Na Yohana umemfungia nini?"

Niliinama nikajifanya nakagua nati.

"Nakuuliza, we mwana. Yohana amepanda Mazeras na nini?"

"Na vipara, Mzee."

Akafungua mlango wa lori. "Panda," akasema. "Na kamba ile, ichukue."

Njia nzima hakunitazama. Pale Magongo palikuwa na wanawake na vikapu vyao wamejibanza chini ya paa la duka. Walikuwa wakimngoja Yohana, aliyekuwa akiwachukua kila siku mpaka Miritini. Mzee alipunguza mwendo akawauliza kama amepita.

"Amepita zamani," mmoja akajibu, "na leo katuacha! Twampungia mikono, yeye yuwatikisa kichwa tu. Sijui amepatwa na nini."

Tulipita Miritini, tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa ikishuka kama imefunguliwa bomba. Mipira ya meno iliuma ule udongo barabara, na kila ilipouma mimi nilizidi kuona aibu, maana nilijua kilichokuwa kikimpata mwenzangu huko mbele. Nilikuwa nikiomba. Niliahidi kila kitu. Nilisema hata Mwanahamisi basi, simtaki tena, mradi Yohana awe mzima.

Tulimkuta kwenye kona ya pili. Lori lilikuwa limeteleza kurudi nyuma, gurudumu moja la nyuma liko ndani ya mtaro, na hatua tatu kutoka hapo ni bonde. Yohana alikuwa peke yake, amerowa chepechepe, akitia mawe chini ya magurudumu. Alipotuona alicheka.

"Karibuni," akasema. "Nilikuwa nikitafuta watu wa kusukuma."

Nilikimbia nikamkumbatia, tope na vyote. Alishangaa kidogo, akanipigapiga mgongoni. Mzee Mbwana alizunguka lori lile kimya, akakagua mtaro, akakagua bonde, kisha akamgeukia Yohana kwa ukali.

"Na wewe! Dereva gani hutazami mipira yako kabla ya kuondoka?"

Yohana aliinamisha kichwa. "Nimekosa, Mzee."

Tulilivuta lori lake kwa kamba mpaka likakaa njiani. Kisha tukatia jeki, tukabadilisha magurudumu pale pale mlimani, sisi watatu, mvua ikitupiga. Mzee wa watu, na umri wake, alipiga magoti kwenye tope kukaza nati kwa sababu alisema leo haiamini mikono yangu. Adhuhuri Yohana aliendelea na unga wake kwenda Mariakani, na sisi tukaanza kushuka na vipara, polepole, gia ya kwanza.

Huko kushuka ndiko Mzee alikosema nami.

"Kipara hakikuniudhi, Omari. Kilichoniudhi ni kwamba hukuja. Ungekuja kwangu usiku mmoja kabla, ukakaa, ukanywa kahawa, ukaniuliza njia ya Junda iko vipi, ningekwambia mwenyewe, na kesho yake ningesema mbele ya wote kwamba mimi ndimi niliyetaka. Lakini hilo lilikuwa ujana, na ujana hupita. Hili la leo silo."

"Najua, Mzee."

"Umemfungia mwana wa mwenzio kifo ili upate binti yangu. Sasa mimi nimpe binti mtu wa namna hiyo?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kweli, kwa moyo wangu, kwamba asinipe.

"Masika yana miezi miwili," akasema tulipofika Miritini. "Kila safari atakayokwenda Yohana, utakwenda naye. Utakaa kando yake, juu ya mipira uliyoichagua mwenyewe. Masika yakiisha, mwambie ami yako alete barua tena."

Tulipofika nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Mkuu nikaungama. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mipira nikiharibikiwa nitaandika barua niletewe mingine," akasema. "Yohana ningemwandikia nani?" Kisha akanipa ruhusa ya kusafiri, na kazi zangu za gereji nikawa nazifanya jioni. Kwa miezi miwili nilikaa kando ya Yohana. Nilijifunza nyimbo zake zote za kanisani, mimi mtoto wa chuo cha Kurani, na yeye akajifunza kunifuturisha, maana nilikuwa na deni la Ramadhani, nikawa nalilipa huko njiani. Masika yalipokwisha barua ilipelekwa tena, na safari hii ilifunguliwa.

Baada ya vita nilihamishiwa Likoni kuwa fundi wa mipira wa malori ya pwani ya kusini, kisha Kisauni, kisha nikarudi Changamwe nikiwa Fundi Mkuu mwenyewe. Mameneja walikuja wakaenda, mmoja wao alinigombeza sana kwa tabia yangu moja. Kila nilipofunga mipira ya masika, safari ya kwanza nilipanda mimi kando ya dereva. "Wapoteza siku za kazi," akiniambia. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo kazi, na sikuacha mpaka siku nilipostaafu. Na sikusoma tena orodha juu ya kreti. Nilikwenda kwa madereva mmoja mmoja, nikawauliza njia zao. Wengi walikuwa wakijua jibu kabla yangu.

Kwa hiyo mkiniuliza namna ya kuchagua mipira ya masika, nitawaambia habari za meno na nyuzi na upepo, na zote ni kweli. Lakini lipo jambo moja nililolijua nikiwa mzee tayari. Nilipostaafu nilikwenda Rabai kumtembelea Yohana. Tulikaa barazani kwake tukipukuchua mahindi, mkewe na wajukuu zake wako nasi, nami nikaona nimwombe radhi sawasawa, maana miaka yote ile tulikuwa hatujalitaja jambo lile kwa jina lake.

"Yohana," nikamwambia, "siku ile nilikubadilishia mipira nikaipaka tope usiione."

"Niliiona," akasema.

"Uliiona lini?"

"Kabla sijawasha gari. Mimi dereva, Omari, nisiione mipira yangu?"

Nilimtazama. Aliendelea kupukuchua.

"Sasa ukaendaje?"

"Nilikuwa nimesikia barua yako imerudi. Nikajua kwa nini umefanya. Nikasema, watu wangoja unga, na huyu ataka kuoa. Safari moja tu, nitakwenda polepole. Tanboi, yule msaidizi wangu wa lori, nikamwambia arudi nyumbani. Abiria nikawaacha." Akatupa gunzi kwenye kikapu. "Na Mwanahamisi, hajambo?"

Nilimwambia hajambo. Nililia pale pale, mbele ya mkewe na wajukuu zake, na sioni haya kuwaambia.