Kocha Aliyetazama Fainali Kutoka Jukwaani

Harufu ya njumu zilizolowa matope ndiyo iliyotawala nyumba yetu ya ghorofani mtaa wa Thorncliffe Park, Toronto, vuli ile nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alizipanga chini ya dirisha, karibu na kipasha joto, zake pamoja na za wasichana wa timu yake wasiokuwa na jozi ya pili, na zilipoanza kukauka nyumba nzima ilinuka nyasi, ngozi na dawa ya kuchua misuli. Alikuwa amecheza kiungo katika timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania mpaka jeraha la goti lilipomkatiza. Huku Toronto alipewa timu ya wasichana ya chuo kimoja ambayo hakuna kocha aliyeitaka, maana ilifungwa na kila mtu. Aliifinyanga polepole, kwenye mvua baridi ya Oktoba, akipiga mluzi kwa vidole viwili, na msimu ule ikaingia fainali.

Siku chache kabla ya mechi, nikiwa nimekaa benchi namalizia hesabu za shule, mkuu wa michezo wa chuo alikuja uwanjani. Alisema kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya.

"Jumamosi Greg ndiye atakayeongoza timu. Televisheni inakuja, na wafadhili. Lafudhi yako ni nzito kidogo."

Greg alikuwa msaidizi wa Mama, na kusoma mchezo alifundishwa na Mama huyo huyo.

"Wachezaji wamelalamika kwamba hawanielewi?" Mama aliuliza.

"Hapana."

"Basi ni nani asiyenielewa?"

Yule bwana akatazama saa yake. Greg, aliyekuwa kando yao, akainama kukusanya mipira.

Nahodha, msichana mrefu aitwaye Natalie, alisema hawachezi. Mama akamkatalia: "Jasho ni lenu. Msimpe mtu nafasi ya kusema hamkuweza." Ndani ya gari nilimuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kwa nini hakugomba. Alinijibu kwa Kiswahili: "Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu. Hapa si kwetu. Lakini wale wasichana ni wangu."

Jumamosi tulikaa jukwaani, safu ya juu kabisa. Mama alinong'ona kila pasi kabla haijapigwa, na wasichana wakaipiga. Goli pekee lilitokana na kona ambayo Mama aliwarudisha kuifanyia mazoezi tena na tena mpaka wengine wakalia. Greg alinyanyua kombe, akaeleza mbele ya kamera kuhusu "mfumo wangu". Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Mama alichumia mvuani, akala mwingine. Alisimama akawapigia wasichana makofi. Mimi nilikaa, ngumi mfukoni. Theluji ilipoyeyuka, kazi ilikuwa ya Greg.

Leo kuta za chuo kile zimejaa mabango ya kukaribisha watu wa kila lugha. Mama, kwa miaka yote hii, amekuwa akifundisha wasichana wa mtaa wetu, nyuma ya maghorofa, bila kuomba kibali cha mtu. Mwaka jana watu wa chuo walimpigia simu: aje kwenye sherehe yao, asimame, apongezwe. Mama aliwashukuru, akasema siku hiyo ana mazoezi. Jamaa wa msikitini huniambia kwamba dunia imebadilika, niwasamehe. Imebadilika, ndiyo: siku hizi wakishakunyang'anya wanakualika chakula. Siku ile walipopiga nilikuwa jikoni, simu ya Mama ikiwa kwenye spika, nikasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyesema samahani.