Teke la Kubadili Mguu

Enzi zetu pale Kalangalala, Geita, hakukuwa na mwalimu wa karate. Kulikuwa na kibanda cha video cha Baba Shija, kimezungushiwa maturubai, ndani mabenchi yenye misumari iliyotuchania kaptura, na kanda moja ya mapigano iliyochezwa mpaka ikachoka. Jirani yake karasha lilisaga mawe ya dhahabu kutwa nzima, kwa hiyo sauti ya filamu hatukuisikia. Sauti ilikuwa mimi. Nilikaa mbele, mdomo umejaa michembe ya viazi vitamu, nikiwatafsiria wenzangu Kichina ambacho sikukijua hata neno moja. Waliniamini. Nilikuwa wa tatu darasani, na nilihakikisha jambo hilo halisahauliki.

Mwishoni mwa kanda kulikuwa na teke. Shujaa anainua mguu wa kulia, unafika kiunoni, na hapo kanda ilikuwa imekwaruzika: picha inaruka, ghafla mguu wa kushoto ndio uko kifuani kwa adui. Wenzangu wakanigeukia. Ningesema sijui, mimi?

"Amebadilisha miguu hewani," nikasema. "Hiyo ni siri ya mabingwa."

Tukaenda kulifanyia mazoezi kwenye lundo la mchanga wa karasha. Inua kulia, ruka, piga kushoto. Tulianguka kama magunia ya udaga wa muhogo. Nikirudi nyumbani mweupe kwa vumbi, mama alinipokea mlangoni: "Unampiga nani huko, upepo? Hebu njoo uyapige masizi ya sufuria hili."

Kabula, binti wa jirani, alikuwa mdogo kuliko sisi sote na alianguka kuliko sisi sote, lakini hakuchoka. "Kaka, nioneshe tena." Nilimwonesha, nikaanguka, kisha nikamwambia nimeanguka makusudi ili aone kosa lake.

Baadaye nikaenda Dar es Salaam. Sikubebwa na mtu. Nikapata stashahada ya ununuzi na ugavi, ambayo leo nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni anaiona kabla hajakaa. Nikajifunza pia karate yenyewe, ya sare nyeupe, mpaka mkanda wa kahawia. Wiki ya kwanza mwalimu aliuona mruko wangu akauliza kama nimechomwa na mwiba. Ilinichukua mwaka mzima kuuacha.

Basi nimerudi, nimejenga, bati la rangi. Jumamosi moja asubuhi napita nyuma ya soko, nakuta waendesha bodaboda, mama ntilie na wasichana wa sekondari wamepanga mistari. Wanainua kulia, wanaruka, wanapiga kushoto. Mbele yao, akihesabu kwa sauti, ni Kabula.

Mtu mwenye mkanda angenyamaza vipi?

"Simameni!" nikasema. "Mimi nina mkanda wa kahawia. Mguu haubadilishwi hewani. Nani amewafundisha upuuzi huu?"

"Shikamoo, kaka," Kabula akasema, anatabasamu.

"Marahaba."

"Karibu ucheze kwanza, halafu nitakujibu."

Nikavua viatu, soksi nikazikunja vizuri ndani yake. Kabula akainua mguu wa kulia, nami nikashusha mikono kuuzuia, kama nilivyofundishwa. Wa kulia haukuja. Wa kushoto ulikuja. Nikakaa chini. Nikainuka, nikakaa tena. Miaka yote hiyo hawakulirekebisha kosa letu, walilinoa: mruko umekuwa mfupi, nyonga inageuka, kisigino ndicho kinachofika. Pengo la kanda lilikuwa limegeuka mtego.

"Bosi," dereva mmoja wa bodaboda akaniita, "huo mkanda wa kahawia si ndio ulioshika suruali?"

Uwanja mzima ukacheka. Kabula akaninyanyua mkono mbele ya wote. "Aliuliza nani alitufundisha. Huyu hapa."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimeliita teke lile upuuzi, na sasa lilikuwa heshima pekee iliyonibakia pale. Ningeweza kunyamaza nikapigiwa makofi. Nikamnong'oneza ukweli: "Kabula, ile kanda ilikuwa mbovu."

"Najua, kaka. Nilikuwa nakaa karibu na mashine ya video, niliona picha ikiruka."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaeleza vizuri."

Vijana wa leo wana simu. Wanaliangalia teke polepole, mbele na nyuma, wakiwa wamelala kitandani, na wanajua jina lake kabla hawajachubuka goti. Hakuna kinachoruka, kwa hiyo hakuna wanachojazia. Sisi tulikuwa na kanda mbovu, karasha, na mwongo mmoja anayejiamini.

Kila Jumamosi nasimama mstari wa nyuma kabisa, najifunza teke langu mwenyewe. Mguu wa kushoto bado unachelewa. "Kaka, tuoneshe tena," Kabula ananiambia, na mimi naanguka kama zamani, ila siku hizi hakuna anayeamini kwamba nimeanguka makusudi.