Karura ya Maalim

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka husimama kidogo nikasikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumekimbia Kivu ya Kusini, tukapewa kiwanja hapa kambini Nakivale, Uganda. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kisomali tuliyemwita Maalim, kipofu, miguu imemwisha nguvu, aliyefundisha Kiarabu cha vitabu vya zamani. Kiswahili alikijua kidogo mno. Mkewe, Mama Safiya, aliyewahi kuishi Kenya, ndiye aliyemsemea. Mimi nilikuwa nikikaa mlangoni pake, nikaokota maneno kama kumi ya Kiarabu, nikajiona msomi. Moja lilikuwa karura: chupa ya kioo.

Siku ya mgao wa chakula watu walikwenda kupokea huko Base Camp, nami nikadhani Mama Safiya yumo, nyumba zikabaki kimya, hata kuku hawakusikika. Jua la mchana likiwa kali, nikamsikia Maalim: "Karura! Karura vunjika!" Alinyoosha mkono kuelekea jikoni.

Nikachukua ufagio. Nilifagia chumba, nikafagia uwanja mpaka nyuma ya jiko. Sikuona kipande hata kimoja cha kioo. Lakini kule nyuma nilisikia sauti nyembamba, kama ya mtu anayeita kutoka chini ya ardhi. Nikisimama, inanyamaza. Nikifagia, inaanza tena. Mwili ulinisisimka. Nikajiambia ni upepo, ingawa hakuna jani lililotikisika, nikakimbilia dukani kumnunulia chupa nyingine.

Nilipomwekea mkononi, Maalim aliipapasa, akanirudishia. Yale macho yasiyoona yalibaki yameelekea jikoni tu.

Jioni mama yangu aliporudi nikamsimulia, huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Na bibi yake iko fasi gani?"

Tulimkuta Mama Safiya nyuma ya jiko, ndani ya shimo la choo kipya. Miti ya kulifunika ilikuwa imekatika. Alikuwa hai. Hospitalini Mbarara wakamkata mguu, maana ulikuwa umebanwa tangu mchana.

Nilikwenda kumwona huko hospitali. Aliniambia bila hasira:

"Karura ni chupa, ndiyo. Ni mboni ya jicho pia. Na Waarabu wa kale walimwita mwanamke hivyo, kama kitu cha kushikwa kwa upole. Mume wangu ananiita hivyo tangu tuoane."

Kisha akasema, "Nilikusikia ukifagia."

Mwanangu, ukijua maana moja ya neno la mtu, usidhani umemwelewa. Muulize: nani, wapi, kumetokea nini? Mimi niliona aibu kusema sijui, na aliyeumia ni mwingine. Sauti ikikutisha, usiharakishe kuiita upepo. Isogelee.

Mungu akupe sikio la kumtambua anayekuita, na akufikishe kwake angali anapumua. Amina.